Firigisi ya Baba

Dada Nekesa,

Kitale kuna baridi, natumaini huko Bungoma hamjambo. Nimempata Baba kwa mke wake wa huku. Tulipikiwa kuku, na firigisi, ile Mama humwekea kando kama mwenye boma hadi inaharibika, Baba akampa mtoto wao. Nikamkumbuka Zeu, mkuu wa miungu ya Wagiriki tuliyesoma habari zake shuleni: alizaa kila mahali, na mkewe Hera akawachukia watoto badala ya mume. Nami nilitaka kumchukia huyu, lakini ana macho yako. Akamuuliza Baba, "Ati huyu ni mgeni wa nani?" Baba akaendelea kuguguna mfupa.

Nawapenda sana. Mwambie Mama akichinja tena, firigisi aile mwenyewe.

Ndugu yako,
Wafula