Kipa Aliyebaki Benchi

Shoga yangu, usinipigie, niko chooni kazini. Soma tu.

Unamjua mkata vitambaa wetu, tunayemwita Profesa, bingwa wa ile ligi ya kwenye simu misimu mitatu mfululizo? Ile ya kuchagua wachezaji, wakicheza vizuri unavuna pointi. Mwezi mzima nimekuwa mwanafunzi wake. Kila neno lake naliandika kwenye daftari la vipimo.

Ijumaa akaniambia, "Dada, mweke benchi huyo kipa wako. Huu mchezo hautaki huruma."

Nikamweka benchi. Akadaka penalti mbili. Mbili, shoga yangu, na mimi sipati hata pointi moja.

Leo wakati wa chai akanicheka mbele ya mafundi wote. "Wanawake mnachagua wachezaji kwa sura." Kwa sura. Mimi niliyemtoa kipa kwa mdomo wake yeye.

Simu yake ikaita. Mikono imejaa chaki, akaipokea kwa spika hapo hapo mezani. Mkewe huyo: "Baba Pacha, timu yako ya wiki hii nimeshaipanga, usije ukaigusa. Si umeona yule kipa niliyekuwekea alivyokubeba?"

Yule yule kipa.

Profesa anaipapasa simu aizime, kama inamuunguza.

Ulidhani nitanyamaza? Nimeiinamia ile simu nikasema, "Wifi, mimi ni mwanafunzi wa mumeo. Kumbe nilikosea darasa. Wewe unafundisha lini?"

Kasema Jumamosi, na daftari la zamani nilitupe.