Siga ya Kuba Iliyokosa Harufu

Yeoville, Johannesburg
14 Oktoba 2018

Dada yangu mpendwa Mwajuma,

Huu ni mwaka wa tano tangu nikuage pale Urambo. Ujumbe wako nimeupata. Umesema msimu huu umepanda tumbaku tena, na tangu shemeji afariki hakuna wa kukesha kwenye bani moto ukikausha majani humo ndani, kwa hiyo nije mimi mwenye pua isiyodanganya. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu kwamba mlinzi amepatikana.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinifunga macho kwa kitenge ukanipitishia majani puani, moja moja. La chini ya mche lilinuka nyasi kavu. La katikati lilikuwa na utamu kama mkate unaotoka jikoni. La juu lilichoma koo. Nikikosea ulinichapa kisogoni na jani lenyewe: "Umelala? Nusa tena!" Halafu siku ile jani lilipoangukia bomba la moto ndani ya bani, mimi nikiwa nje natafuna muhogo, nilipiga kelele kabla moshi haujaonekana. Shemeji alivunja mlango akalitoa. Mlinisifu mpaka nikaona aibu.

Hapa kazi yangu ni kupiga rangi magari, kwenye gereji moja ya Kensington. Tunavaa vinyago vya kuzuia mvuke. Vichujio vikichoka tunavigonga ukutani, tunaendelea. Mwaka jana vyakula vyote vilianza kufanana. Nikasema ni mafua, yatapita. Nilikuwa naogopa kujipima.

Jirani yangu hapa ni Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mzima anayeniita petit, yaani mdogo, mlinzi wa hoteli kule Sandton. Mwezi uliopita mgeni mmoja alimpa kopo la siga ndogo za Kuba. Ni fupi kama kidole, hazina karatasi, ni jani lililoviringishwa juu ya jani. Jumamosi ya wiki iliyopita, mchana, akaniletea chumbani.

"Petit, wewe ni mutoto wa tumbaku. Utaniambia kama hii ni ya kweli."

Akarudi kwake kuchukua viti. Nikatoa siga moja. Nikaibonyeza karibu na sikio, haikulia. Ilikuwa na unyevu wake. Nikainusa. Hakuna kitu. Nikainusa upande wa pili. Hakuna kitu. Nikajiambia hizi zimekufa, zimekaa juani. Nikamkasirikia yule mgeni aliyetoa zawadi mbovu, maana hiyo ilikuwa rahisi kuliko kukubali jambo lenyewe. Nikaiweka mdomoni, nikashika kiberiti.

"Acha! Acha kiberiti!"

Papa Ilunga aliangusha viti mlangoni akanipiga mkono, njiti zikamwagika. Akafunga mtungi wa gesi, akafungua dirisha, akanivuta nje kwa kola. Mpira wa jiko ulikuwa umechomoka nilipomaliza kupika. Chumba kizima kilijaa gesi, nami nimekaa katikati yake.

"Hausikie ile harufu?"

"Nasikia," nikasema.

"Petit, mimi nimeisikia toka kule kwenye ngazi." Akanitazama sana. "Tangu wakati gani?"

Nikamwambia yote. Yeye alikuwa wa kwanza kujua; katika ndugu, wa kwanza ni wewe.

Tulikaa uani tukingoja gesi iishe chumbani. Kisha akawasha siga mbili. "Usimeze moshi. Uweke mu kinywa, uuachilie. Mimi nitasema ya pua, wewe utasema ya ulimi."

Akasema ananusa kahawa, na mbao mpya. Mimi nikasema nina chumvi mdomoni, pilipili kidogo, halafu utamu unaokuja polepole nyuma ya ulimi.

"Wageni wa hoteli wanasema iko na ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Ya kiatu! Watu ya mali wanalipa ili wanuse kiatu. Wangenusa yangu bure."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha woga ukarudi nikaanza kuvuta harakaharaka, siga ikawa ya moto na chungu. Akaniambia niipumzishe, nayo ikatulia. Majivu yalishikana, meupe, kama ya jani lililokaushwa bila pupa. Ilikuwa tumbaku nzuri sana, dada, nami nimeionja nusu.

Nesi wa kliniki ameniambia niache rangi. Pua inaweza kurudi taratibu, inaweza isirudi. Hakuniahidi kitu. Nimemwambia bosi kwamba Desemba namaliza.

Kwa hiyo nakuja, lakini usinilaze peke yangu kwenye bani. Vidole vyangu bado vinajua uti wa jani ukikauka, na kipimajoto nakisoma. Lakini jani likiangukia bomba, naweza kukaa pale pale nikinywa chai mpaka ukuta ushike moto. Jasho lako la mwaka mzima litaungua, na labda mimi pamoja nalo. Nitafutie mtu mwenye pua nzima wa kukaa nami zamu zote. Usipompata, bani mpe mwingine kabisa, mimi nitalima na kuchanja kuni. Sitanuna. Najua ulikuwa umeshapanga, na najua barua hii inakurudisha nyuma. Nijibu upesi, na kama umekasirika sema, usinifiche kwa kunihurumia.

Wasalimie wanao. Nategemea kufika wiki ya kwanza ya Januari, kabla hamjaanza kuchuma majani ya chini.

Nakuaga kwa leo,
mdogo wako.