Pampu ya Kundi Letu

Masasi, 4 Machi 2024

Mama, shikamoo.
Natumaini wewe na Baba hamjambo, na mguu wake unaendelea kupona. Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu. Mwalimu Edmund anatufundisha sisi wa uhandisi kufanya kazi kwa kundi na kuzungumza mbele za watu. Tuko watatu: mimi, Kasiani wa Chiungutwa, na Dastani. Tulipewa kazi ya kubuni pampu ya mkono ya kisimani; niliibuni na kuichora mimi. Ijumaa Dastani alisimama darasani akasema ni kazi yake, eti mimi nilimnakilia tu kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Wakampigia makofi. Nitamlipa.
Mwanao, Agatha

Newala, 11 Machi

Marahaba, mwanangu.
Sisi wazima, Baba yako anafika hadi shambani. Usigombane na huyo kijana wala usimshtaki. Anayesema kitu ni chake, mwache akieleze. Wewe funga mdomo.
Mama yako

Masasi, 2 Aprili

Mama, shikamoo. Hamjambo nyumbani?
Nimefunga mdomo. Leo tulikuwa na mtihani wa kundi. Mtahini alimwuliza Dastani: maji yakishapanda, ni nini kinachoyazuia yasirudi kisimani? Akanigeukia. Mwalimu akasema anayejua amsaidie, kundi ni moja. Mimi nikatazama dirishani. Jasho lilimtoka, Mama, na nikaonja utamu ambao sijawahi kuuonja. Tumefeli wote, Kasiani naye. Tutarudia mwezi ujao.
Mwanao, Agatha

Newala, 9 Aprili

Marahaba, Agatha. Hatujambo.
Nilicheka hadi Baba yako akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika pale ulipomtaja Kasiani nikaacha kucheka. Yeye alikukosea nini? Kulipa kisasi sikukatazi, ila kimpate mwenyewe tu.
Mama yako

Masasi, 8 Mei

Mama, shikamoo. Poleni na kupulizia mikorosho.
Nilimwomba Kasiani radhi. Akasema, “Ungeniambia, na mimi ningenyamaza nikijua ninachonyamazia.”
Mwalimu alikataa kuligawa kundi letu, kwa hiyo Dastani ilibidi nimfundishe mimi. Kila jioni, kabla sijashika chaki, nilimwuliza mbele ya wenzetu, “Pampu hii aliichora nani?” Siku ya kwanza aliondoka. Ya pili akarudi, akasema “Agatha” kwa sauti ndogo. Nikamwambia tumefundishwa kusema hadi wa nyuma wasikie. Akarudia. Ikawa hivyo kila jioni.
Jana tulifaulu wote watatu, na Dastani alieleza vizuri. Leo nimemkuta getini na baba yake aliyekuja kumpongeza. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia. Kisha nikamgeukia Dastani, nikamwuliza tena lile swali la jioni.
Mwanao, Agatha