Saa Sita Mchana, Jina la Ysidro

Jumatatu, 3 Juni 2002

Kaka yangu ameshinda tena. Nimetangaza mwenyewe, saa sita na dakika saba: "Ysidro Peguero, mtoto wetu wa San Pedro, jana kwenye besiboli ya Marekani amerusha awamu saba, wapigaji tisa wameambulia hewa. Mbio tano kwa mbili." Sauti haikutetemeka. Nimeshazoea. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ysidro yuko makaburini nyuma ya kiwanda cha sukari. Mwezi huu anatimiza miaka kumi humo. Dengue, siku nne tu, akiwa na miaka kumi na minne. Mama hakwenda kuandikisha kifo. Kila wiki alisema wiki ijayo. Ikapita miaka miwili, akaja Quilvio, yule mzungukaji anayetafuta vijana wa kupeleka Marekani kucheza. Alikuwa na Tirso Laureano, mtoto wa kambi ya wakata miwa — mkono wa dhahabu, lakini miaka ishirini. Kule wanataka wa kumi na sita. Ysidro angekuwa na kumi na sita.

Mama akatoa cheti cha kuzaliwa. Mimi nilikuwa masomoni mji mkuu. Niliporudi, cheti kilikuwa kimeondoka na Tirso, na jina limeondoka.

Leo nimefika nyumbani, Mama yuko kwenye kiti cha kubembea, redio mapajani. "Umelisoma haraka haraka jina lake," kasema. "Lisome kwa raha."

Kwa raha!

Jumanne, 4 Juni

Leo hayumo kwenye matokeo. Mrushaji huingia kila siku ya tano. Kwa hiyo nina siku nne za amani, halafu kaka yangu anafufuka, halafu siku nne tena. Watu wengine wana kalenda ya watakatifu. Mimi nina hii.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kaburini kabla ya kazi. Majani mpaka magotini. Msalaba wa mbao, rangi nyeupe imebanduka. Hauna jina. Haukuwahi kuwa nalo — kwanza kwa sababu Mama alikuwa hawezi, sasa kwa sababu Mama hataki.

Nimepita kwa Chago, fundi wa mawe. Nikamwambia nataka jiwe dogo. Akachukua penseli. "Niandike nini, dada?" Nikaanza kusoma majina kwenye mawe yake. Chago ni mmoja wa wale wanne waliobeba jeneza. Anajua vizuri cha kuandika. Akarudisha penseli sikioni. "Ukiamua, utaniambia," akasema, akaendelea kupiga nyundo.

Jumamosi, 8 Juni

Kafungwa! Mbio nane kwa moja, katolewa awamu ya tatu. Nimesoma kwa raha kabisa, Mama, umesikia?

Halafu simu za wasikilizaji. Wa kwanza: "Huyo Peguero anarusha kama anawalisha kuku!" Wa pili anamtetea. Wa tatu anataka niongee naye — "Wewe ndiye dada yake, mwambie apunguze mipira ya juu." Fremio, bosi wangu, anacheka upande wa pili wa kioo na kuninyooshea kidole gumba. Anapenda simu zikiwa nyingi.

Njiani sokoni, vilevile. "Dada wa Peguero! Bega linamwuma, au nini?" Aliyeniuliza ni Mama Zunilda wa mtaa wa pili. Alikaa na sisi siku tisa za matanga. Alituchemshia kahawa siku zote tisa. Sasa ananiuliza bega.

Mtaa mzima unajua na mtaa mzima umefunga mdomo. Tirso ndiye aliyeweka taa uwanjani, akaezeka shule, akatupa sisi friji na dari ya zege. Nani atakayejitia kuharibu? Nikasema bega liko salama.

Jumatatu, 10 Juni

Habari ya leo, niliipata kwenye faksi asubuhi: mrushaji mwingine wa kwetu, wa kusini, kakutwa na cheti cha binamu yake. Si wa miaka ishirini na mbili, ni wa ishirini na saba. Kazuiliwa visa. Tangu yale mashambulizi ya Septemba, Wamarekani wanachungulia kila karatasi.

Nikaisoma, ya nne kutoka mwisho, kati ya jeraha la goti na uhamisho. Fremio akaingilia hewani: "Huyo akikaa kidogo watamkuta na wajukuu!" Akacheka. Nikacheka. Kazi ni kazi.

Nyumbani redio ilikuwa imezimwa. Mama anamenya ndizi. Amemenya nyingi kuliko tunazoweza kula.

Jumanne, 11 Juni

Amekuja. Nilijua atakuja, lakini nilidhani atakwenda nyumbani. Kaja redioni.

Wakili Tolentino, wa mji mkuu, katumwa na timu ya Tirso kukagua vyeti. Shati la mikono mirefu, tai, na joto hili! Mpole. Hao ndio wabaya. Aliomba maji, akasifu sauti yangu, akasema mkewe ni mpenzi wa besiboli. Kisha akafungua daftari.

Mlilala chumba kimoja? Ndiyo. Alipenda kula nini? Wali wa chini ya sufuria, ule ulioungua. Hilo lilinitoka kabla sijafikiri, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu miaka kumi hakuna aliyeniuliza. Nilitaka aniulize zaidi! Nilitaka kumweleza alivyokuwa akipiga mluzi mpaka Mama anamrushia kandambili.

Halafu: "Utotoni alirusha kwa mkono gani?"

Ysidro alikuwa wa kushoto. Kila kitu kushoto — kijiko, penseli, mpira. Tirso ni wa kulia, dunia nzima inamwona.

"Kulia," nikasema.

Akaandika. Kalamu ilitoa mlio mdogo kwenye karatasi. Nikajisikia nimemkata mkono kaka yangu, mbele ya mtu mwenye tai, na kumkaribisha maji mengine.

Jumatano, 12 Juni

Tumegombana. Naandika kama ilivyokuwa, nisije kujidanganya baadaye.

Nilimwambia Mama wakili amekuja. Akauliza nimesema nini. Nikamwambia.

"Vizuri," akasema.

"Vizuri? Mama, nimesema uongo juu ya Ysidro."

"Umesema neno moja. Halimwumizi."

"Mimi linaniumiza. Nataka kumwekea jiwe, Mama. Tarehe ishirini na moja. Jiwe lenye jina."

Akaacha kufua. Povu mpaka viwikoni. "Ukiandika jina pale, unaniulia mtoto."

"Mtoto wako amekufa!"

Majirani walisikia. Redio ya jirani iliteremka sauti, najua wanavyosikiliza.

Mama hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze. "Ercilia, mimi ndiye niliyemwosha. Mimi ndiye niliyemfunga kidevu kwa leso. Usije kunifundisha nani amekufa. Lakini kila siku ya tano mtu anataja jina lake na watu wanapiga makofi. Wewe una nini cha kunipa badala ya hicho? Jiwe?"

Akaongeza, ameinamia beseni: "Una wivu. Hukuwahi kusikia watu wakipiga makofi kwa ajili yako."

Nimeandika. Nimeliandika hata hilo.

Alhamisi, 13 Juni

Kashinda. Wapigaji kumi na mmoja. Nimelisoma kwa raha.

Jumapili, 16 Juni

Simu ya Tirso. Kwa kawaida anaongea na Mama. Leo Mama alikuwa misani, nikaipokea mimi.

"Dada," akaanza.

"Mimi si dada yako."

Nyuma yake nilisikia watu, maji ya bomba, mtu anacheka kwa Kiingereza. Akaniomba radhi. Akasema amesikia nilivyomjibu wakili, hajui amshukuru vipi.

"Usinishukuru. Nilipaliwa tu, likatoka."

Kisha nikamwambia yote. Kwamba kaka yangu hana jina kwenye msalaba. Kwamba padri hawezi kumtaja kwenye misa. Kwamba yeye anakula, anapigwa picha, anasaini mipira kwa jina la mtoto aliyekufa akiomba barafu, na hatukuwa na barafu.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema, taratibu: "Mama yangu alikufa mwaka juzi. Kule kambini. Unajua?"

Nilijua. Nilisikia.

"Nilishindwa kuja kumzika. Ningekuja kama nani? Nilituma maua. Kwenye kadi niliandika 'kutoka kwa jirani'. Alizikwa kama mwanamke asiye na mtoto."

Akaendelea:

"Nimepata mtoto wa kiume, ana miezi minne. Nimemwita Tirso. Mke wangu ananiuliza, kwa nini jina la zamani hivyo? Nikamwambia nalipenda tu. Basi angalau kuna mtu analiita ndani ya nyumba. Linapoitwa, nageuka mimi."

Nilikaribia kumwonea huruma. Karibu sana. Kisha nikakumbuka yeye ana miaka ishirini na minane na anapumua, nikakata simu.

Jumanne, 18 Juni

Kafungwa, mbio nne kwa tatu. Kosa halikuwa lake. Wenzake waliangusha mpira. Umeme ulikatika katikati ya matokeo, nusu ya mji haijui ameshinda nani.

Ijumaa, 21 Juni

Miaka kumi.

Misa ya saa moja asubuhi. Padri alisoma orodha ya marehemu, majina kumi na manne, na mwisho: "na marehemu wote wa familia ya Peguero." Sisi tumo kwenye "wote". Mama hakuja. Alisema miguu inamwuma.

Nikitoka, namkuta Wakili Tolentino kwenye baraza ya kanisa. Safari hii hana tai. Alikuwa ofisini kwa padri tangu jana. Serikali haina kifo cha Ysidro Peguero — lakini kanisa lina daftari la maziko. Padri yule wa zamani aliandika kila mtu. Hakunionyesha ukurasa. Akaniambia tu mstari wa ngapi.

"Inawezekana ni jina linalofanana," akasema. "Binamu, labda. Inatokea. Mtu wa familia akinisainia kwamba ni binamu, mimi nafunga jalada." Aliniangalia vizuri. "Na akinisainia vinginevyo, pia nafunga jalada. Nimechoka na kazi hii, dada. Nitakuwepo redioni Jumapili kabla ya saa sita."

Saini moja. Upande huu, uwanja wenye taa unabaki na taa, na kaka yangu anakuwa binamu wa nafsi yake. Upande ule, mtu anarudishwa kwao na mtoto wa miezi minne, na mimi napata jiwe.

Nilifika nyumbani nimejaa, nikamwambia Mama kila kitu. La wakili, la daftari. Na la Tirso pia, sijui kwa nini — maua, kadi ya jirani, mtoto.

Daftari halikumshtua. Aliuliza jambo moja tu. "Mama yake alizikwa bila mtu wa kumlilia?"

"Kulikuwa na watu wa kambi."

"Nauliza mwanawe."

"Alituma maua, Mama."

Akarudia, kama anayeonja chakula kigeni: "Kutoka kwa jirani." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hakutoka hata kula.

Jumamosi, 22 Juni

Saa sita leo nimesoma matokeo, nikarudi nyumbani. Redio iko juu ya kabati, waya umeviringishwa. Nikamwuliza kama imeharibika. Hapana.

"Nisaini nini, Mama?"

"Wewe ni mtu mzima."

Miaka yote hii ananiambia la kusema na namna ya kulisema, haraka, kwa raha. Leo, siku moja ninayomwomba aniambie — mimi ni mtu mzima! Nilitaka kuvunja kitu. Nikaosha vyombo.

Jumapili, 23 Juni

Naandika hapa studioni, saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Faksi imeshatoa karatasi. Jana karusha awamu zote tisa, hakuna mbio hata moja aliyotoa. Mchezo bora wa maisha yake, wataalamu wa huko wanasema. Wa maisha ya nani, hawasemi.

Wakili yuko upande wa pili wa kioo, kwenye benchi la wageni. Ana karatasi mbili gotini. Kalamu kaiweka juu yake, imetulia katikati kabisa. Nimemwambia anisubiri nimalize kipindi. Akakubali kwa kichwa.

Sijui nitasaini ipi. Asubuhi nilijua. Kwenye ngazi nikawa najua nyingine.

Saa sita kasoro tano. Mlango wa nje umefunguliwa na Mama ameingia. Mama! Hajawahi kukanyaga hapa, miaka minane ya kazi yangu. Amevaa nguo nyeusi. Gauni, kitambaa, soksi, vyote vyeusi, vipya, vina mikunjo ya dukani. Kwa Ysidro hakuvaa nyeusi hata siku moja, hata makaburini alikwenda na gauni lake la maua, watu wakasema.

Hakuangalia kioo. Ameketi benchini kando ya wakili, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Wakili kasimama nusu, kasalimia, kaketi tena. Sasa Mama anaongea. Kioo hiki hakipitishi sauti. Anaongea polepole, kama mtu aliyekariri. Wakili ameshika kalamu lakini haandiki. Ameinamisha kichwa.

Sasa Mama amenyoosha mkono, anataka kalamu; asaini karatasi ipi, sioni kutoka hapa.

Fremio ananionyesha vidole. Vitano. Vinne. Karatasi ya kwanza iko mbele yangu na jina liko mstari wa juu