Niliposema Niko Columbus

Papa Neema,

Ile theluji iliyeyuka yote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama watoto hawajambo. Jumamosi walifungua njia mbili za kuteleza pale mlimani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwenu Louisville, kati ya waombolezaji, bosi akanitumia picha: watoto wamevaa kofia za rangi, wanateremka mlima kwa ski, wanaanguka, wanacheka. Aliandika kwamba ni kazi nzuri. Jumanne mvua ikaanza, ikanyesha siku tatu mfululizo katikati ya Desemba, na niliporudi Ijumaa nyasi zilikuwa zimetokeza kwenye kilima cha wanaojifunza. Nilisimama pale, buti zangu ndani ya tope. Hakuna mtu aliyenilaumu.

Sasa ni Februari, na nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Nakuandikia wewe kwanza, ingawa wewe ndiye ninayekuogopa zaidi.

Unakumbuka ulivyonipokea? Mimi Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, theluji niliijua ile ya kusafisha mbele ya nyumba tu. Wewe ulikuwa fundi wa pampu za maji Uvira kabla ya vita, ndiyo maana pale mlimani, kwenye kazi ya kutengeneza theluji, walikuheshimu. Pampu ikikohoa tu ulijua ugonjwa wake. Kila siku tulikutana Lackawanna, nje kidogo ya Buffalo, naacha gari langu, napanda lako, unaniita petit, yaani mdogo wako, unanicheka Kiswahili changu mpaka tunafika mlimani. "Petit, unasemaka kama radio." Siku ya kwanza nilisema bunduki, kama Wamarekani wanavyoiita ile mashine ya kurusha theluji, ukasimama katikati ya njia. "Hapana, petit. Bunduki tulishaikimbia. Hii ni feni." Baada ya mwaka mmoja hata bosi alikuwa anasema feni.

Ulinifundisha kwamba baridi peke yake haitoshi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi unarusha maji tu, unaupaka mlima barafu. Hewa ikiwa kavu unaweza kufungua maji mapema kuliko wanavyodhani. Simu ilitupa namba zote za hali ya hewa, lakini wewe uliingia chini ya feni, ukanyoosha mkono, ukavuta pumzi kumi, kisha ukaangalia mkono wa koti. Chembe zikidunda na kuanguka, ongeza maji. Zikishikamana na kulowesha kitambaa, punguza. "Usiaminie telefone. Aminia koti." Koti lako la bluu, lenye kiraka alichokishona Mama Neema kwenye kiwiko.

Ulipougua mwaka jana ukahamia kwa Neema, kule South End ya Louisville, ili akitoka zamu ya ghala akukute karibu, uliniachia mlima. Ulisema mbele ya bosi kwamba mikono yangu sasa inatosha. Sijawahi kuambiwa neno kama lile na mtu yeyote, hata baba yangu mzazi. Nadhani lilinilevya.

Desemba ikaja na joto. Wiki mbili tulikaa tukitazama anga, bwawa limejaa, feni zimenyamaza. Jumatano jioni Neema akanipigia: "Papa anataka akuone. Usikawie." Na Jumatano hiyohiyo baridi ikafika, kavu, nzuri, ya siku mbili tu kabla ya joto kurudi. Bosi hakuwa na uhakika kama maji yote tuyapeleke kwenye kilima kimoja au tuyagawe kwa njia mbili. Nikasema mbili. Na Neema nikamwambia nitaondoka alfajiri, masaa nane ya barabara mpaka kwenu.

Alfajiri mpira wa maji wa juu uliganda kwa sababu mtu alisahau kuumwaga maji yake, tukaupasha moto mpaka saa mbili. Saa nne wenzangu wa zamu ya mchana wakaja. Bosi alijua habari zako, akaniambia niende, wataendelea wenyewe. Hapo ndipo nilipokukosea, na sitaki kumsingizia bosi wala mpira wa maji. Feni mbili za juu zilikuwa zinatoa theluji yenye maji, inashikamana na koti. Ningemwelekeza mwenzangu kwa maneno mawili. Sikutaka. Nilitaka watu wakiteleza Jumamosi waseme huu ni mkono wa Eliya.

Saa sita mchana ukapiga mwenyewe. Nilikuwa chini ya feni, nikakimbilia nyumba ya pampu nikafunga mlango ili usisikie kelele. Sauti yako ilikuwa ndogo sana.

"Petit, umefika wapi?"

Nikasema, "Niko Columbus, Papa. Masaa matatu nitakuwa hapo."

Sisi sote tunafanya hivyo. Mtu bado anatafuta soksi, anasema yuko njiani. Yuko dukani Grant Street ananunua ndagala, anasema yuko mlangoni. Anayengoja anajua, anaongeza saa moja kichwani mwake na maisha yanaendelea. Wewe mwenyewe uliwahi kumwambia Mama Neema tumeshafika Lackawanna wakati tuko mlimani tunavua buti, tukacheka njia nzima. Lakini siku ile hukuongeza hata dakika. Uliniamini kama ulivyoliamini koti lako. "Bon," ukasema. "Nitakungoja. Silali."

Niliondoka saa nane. Barabara ilikuwa kavu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Saa tisa na nusu simu ikalia, nikaona jina lako, nikaiacha ilie pale kwenye kiti. Ningekuambia nini? Saa moja jioni nilikuwa naingia kituo cha mafuta Columbus, Columbus ya kweli sasa, Neema akapiga. Hakuwa analia. Alisema tu, "Eliya, usikimbize gari tena."

Mlangoni kwenu niliwaambia theluji ilinifunga njiani, kule kando ya ziwa. Mimi, ambaye theluji yote ya siku ile niliitengeneza mwenyewe. Mama Neema akanikumbatia. Siku ya mazishi akasimama kanisani mbele ya kwaya akasema huyu alipambana na theluji ili amwone rafiki yake. Watu wakaitikia amina. Nikainamisha kichwa, wakadhani nalia.

Tuliporudi kutoka makaburini, tukiwa jikoni tunapakua sombe, Neema akanisimulia. Muuguzi alikuja saa saba na dawa ya maumivu, ile inayolaza. Ukaikataa. "Petit ako Columbus. Akifika nitalala." Saa kumi ukaikataa tena. Saa kumi na moja ulikuwa unauma shuka, na bado ukatikisa kichwa, unatazama mlango. Neema alinieleza hayo kama zawadi, ili nijue ulivyonipenda. Nikashika kijiko. Nikapakua sahani moja, nikapakua nyingine.

Kama ningesema kweli, Papa Neema! Kama ningesema bado niko mlimani, ungenisonya, ungeniita mjinga, ungemeza dawa yako ukalala. Tusingeonana, sawa, lakini ungelala. Kuchelewa watu wanasamehe. Mimi nilikunyima usingizi wa mwisho kwa maneno mawili, na niliyasema bila hata kufikiri, kama mtu anayejibu salamu.

Siku ya kuagana Mama Neema akanipa koti lako. Alisema wewe ulitaka liwe la yule atakayekuja kutoka mlimani. Limetundikwa nyuma ya mlango wangu mpaka leo, na mke wangu ameacha kuniuliza kwa nini silivai. Wiki iliyopita baridi ilirudi vizuri. Bosi amenunua feni mpya zinazojiwasha zenyewe kwa kompyuta, lakini bado niliingia chini ya mojawapo, nikanyoosha mkono nikiwa na koti la kazini, nikavuta pumzi kumi. Chembe zikadunda. Theluji kavu, nyepesi, ile ambayo ungepiga mluzi ukiiona. Nikaingiza mkono mfukoni nitoe simu nikupigie, na nilikuwa nimeshaishika kabla sijakumbuka.

Leo jioni wanaondoa matanga kwenu. Nimetoka Buffalo alfajiri, kweli alfajiri, na feni nimeziachia wenzangu. Wameshajua kila ninachokijua. Koti nimelikunja, liko kwenye kiti cha abiria. Kabla ya maombi nitawaita Mama Neema na Neema jikoni, wao wawili tu. Nitawaambia hakukuwa na theluji barabarani. Nitawaambia saa sita nilikuwa nyumba ya pampu, na kwamba maumivu yako ya mchana ule yalikuwa ya kumngoja mtu ambaye hajawasha hata gari. Kisha nitaliweka koti mezani. Mama Neema akinirudishia, nitalivaa mpaka lichakae. Akilichukua, ni haki yake, na sitamwomba.

Naogopa. Najua watu watasema nini nje ya mlango ule, na najua Neema hatanitazama tena kama alivyonitazama. Lakini nakuahidi nitasema, hata sauti ikikatika. Na mtu akiniuliza nimefika wapi, maisha yangu yote yaliyobaki, nitamwambia nilipo.

Nimeandika haya nikiwa kwenye kituo kilekile cha mafuta, karatasi juu ya usukani. Mama Neema amepiga sasa hivi. "Eliya, umefika wapi?" Nimetazama kwanza kibao cha barabara kupitia kioo, nikakisoma kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha nikamwambia, "Niko Columbus, Mama. Masaa matatu."

Amesema wataningoja.

Wewe usiningoje tena, Papa Neema. Lala.

Petit wako,
Eliya