Gemu ya Watu Wawili

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Afya yako inaendeleaje? Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnaishi nyumba moja? Sisi huku wazima. Mama analalamikia magoti, lakini akisikia jirani wa juu kanunua zulia jipya hupanda ngazi mbio kwenda kulikagua. Anakusalimu sana. Baba naye mzima, na leo nataka tumzungumzie yeye. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu nikimtaja tu, ghafla mtandao wako unakuwa mbaya.

Mama ameniambia kwamba mwezi ujao utapita huku kikazi na utafikia hotelini. Hotelini, kaka! Na chumba chako kipo. Nilikasirika, nisikufiche, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sasa nimepoa kidogo.

Duka langu la gemu za mtumba linakwenda vizuri. Watu wananiletea CD walizozichoka, nazinunua, nawauzia wengine. Kazi yenyewe ni kujua gemu ipi mtu ataimaliza na kuirudisha wiki ileile, na ipi ataing'ang'ania mpaka maandishi ya kwenye kava yafutike. Za hadithi hurudi haraka. Mtu akishamjua muuaji ni nani, basi, hamu imekwisha, kama umbea uliokwisha kuzunguka mtaa mzima. Za mpira mtu haachii mpaka itoke ya mwaka mpya. Za kucheza wawili ndizo adimu kabisa. Hizo watu huzirudia na kuzirudia, na nikiletewa moja hujua kuna waliogombana, au mmoja wao kahama.

Baba alipostaafu ufundi umeme alikuja siku moja kunitengenezea soketi ya dukani. Mpaka leo hajaondoka. Alinikuta najaribu CD kwa kuiwasha tu na kuona kama picha inatokea, akanifokea kwamba huko si kujaribu, ni uzembe; kwamba yeye maishani mwake hajawahi kumkabidhi mtu nyumba kwa kuwasha taa ya sebuleni peke yake. Mkwaruzo, alisema, unaweza kuwa umejificha huko mbele. Basi akajipa kazi ya kucheza kila gemu mwanzo hadi mwisho kabla sijaiuza. Ungemwona! Miwani puani, rimoti ya kuchezea kaishika kwa mikono miwili kama bakuli la supu ya moto, anawaomba majambazi wa kwenye skrini wamwachie nafasi apite. Wateja wanampenda mno. Wakiingia huuliza kwanza Mzee amesemaje, na yeye akisema hii ni ya mara moja tu, mimi nashusha bei hapohapo, maana hakuna atakayembishia.

Sasa sikiliza. Miezi michache iliyopita ililetwa ile gemu ya wapagazi wawili wanaoshusha kabati kwenye ngazi za ghorofa. Najua unaikumbuka. Wewe ulikuwa unashika mbele, mimi nyuma, na nikianguka ulikuwa ukiniambia kwamba kabati ni jepesi kuliko mimi. Mimi na mdomo wangu nikaropoka mbele ya Baba kwamba hii ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Akaichukua kwenda kuijaribu, na hakuirudisha rafuni.

Kaka, alijaribu kuicheza peke yake! Rimoti moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, na kabati linaporomoka na wapagazi wote wawili. Nikajitolea kushika upande wa pili, akakataa. Mteja mmoja akaomba kuinunua, tena kwa bei nzuri, Baba akamjibu kwamba haijakamilika kujaribiwa. Akarudi tena, akajibiwa vilevile. Mwishowe hasira zikanipanda, nikamwambia Baba kwamba hili ni duka, si chumba cha mapumziko ya wazee. Akaziweka rimoti zote mbili chini, akaenda kufagia mlangoni.

Jumamosi mchana duka likiwa tupu, nilikwenda kukaa karibu naye ili nimwombe radhi. Yeye ndiye aliyeanza kusema. Alisema kwamba ile siku aliyouza mashine yako na gemu zako zote, kwa hasira ya ile mitihani uliyofeli, alizitia kwenye gunia bila kusoma hata jina la moja. Kwake zote zilikuwa kelele tu. Sasa amezicheza za kila aina, ameona namna mtu anavyohangaika na hatua moja, anaanguka, anarudia mpaka anapita, na ndipo anaelewa alikunyang'anya nini. Kukuomba msamaha kwa simu, alisema, ulimi wake hauwezi, na uso kwa uso ndiyo kabisa. Lakini anadhani mkikaa bega kwa bega, wote mnaangalia skrini, huenda neno likamtoka. Ndiyo maana anajifunza. Hataki uje umkute hata ngazi ya kwanza hajui kushuka. Aliposema hayo akainuka kwenda kukagua soketi ambayo haina ubaya wowote.

Nililia, kaka. Nilijificha nyuma ya kaunta nikalia kama mtoto.

Na sasa nikwambie nililolifanya, ukasirike ukiwa umekaa. Sikuweza kuutazama mgongo wake vile pale kwenye soketi. Nilimwambia kwamba unakuja mwezi ujao na kwamba utalala nyumbani. Habari ya hoteli nikaimeza. Mama aliposikia alinifinya mkono hadi ukabaki na alama, halafu akaanza kufua mapazia. Baba amepaka rangi chumba chako, kabadilisha waya wote wa humo, na kochi amelihamisha mwenyewe mbele ya televisheni, lile zito, na mgongo wake ule.

Aliniuliza swali moja tu, akiwa juu ya kiti anafunga taa, hata hakugeuka kunitazama. Aliuliza kama uliyasema hayo mwenyewe. Nikamjibu ndiyo, umeyasema mwenyewe.

Kaka, yaseme basi.

Wasalimie wenzako wote wa kazini, na huyo anayekukumbusha kunywa dawa ya kikohozi, ambaye Mama anajifanya hamjui. Nakupenda sana.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere