Baba Mdogo Alimwita Mume Wangu Mkwe

Mpendwa Mama Shen,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye sofa la watu hapa Wuhan, mji ambao sikupanga kuja, na nguo nilizovaa ni za rafiki yangu Peiru kwa sababu zangu ziko Hefei pamoja na mume wangu, na ni huyo Peiru aliyenisukuma nikuandikie kwenye safu yako ya ushauri, anasema wewe humpambi mtu kwa maneno matamu. Tafadhali nisaidie. Tangu lile neno litamkwe mezani, chakula nakiona kama udongo.

Naitwa Lanting. Mimi na mume wangu Zongyao tunaishi Xiamen, tulisajili ndoa vuli iliyopita na sherehe yenyewe itakuwa Hefei kwa wazazi wangu mwezi wa tano, sasa likizo hii ya Mwaka Mpya tukasema tuwazungukie ndugu, maana mkishaoana ndugu asipowaona mlangoni kwake anaona mmemdharau, na Zongyao akaipanga safari yote mwenyewe kwenye simu, Fuzhou kwa bibi yake, Hangzhou kwa wazazi wake, Nanjing kwa Mama Mdogo wangu, halafu Hefei kwa baba na mama tukale nao chakula cha kufunga mwaka, na alivyoipanga, Mama Shen, ungedhani tunafukuzwa na polisi. Tulikuwa tunafika, tunavua viatu, tunakula, tunavaa viatu. Kule Fuzhou bibi yake alitutazama tunafunga mabegi akasema, “Nyie mmekuja kunisalimia au mmekuja kusoma mita ya umeme?” Na Hangzhou mama mkwe alitukimbilia mpaka kwenye lifti na mfuko wa njugu za kuchoma, anafoka, “Zongyao, umeoa mke au umechukua mzigo wa kufikisha? Mwache binti wa watu apumue!” Mimi nilicheka. Nilimwonea fahari mume wangu kwamba anataka kila mtu apate sehemu yake.

Kitu kimoja tu nilimuuliza, tukiwa ndani ya treni kutoka Hangzhou. Nikasema, “Mbona Nanjing hata kulala hatulali? Mama Mdogo ataumia.” Akanijibu bila kunitazama, “Tiketi zimekwisha, Lanting. Msimu huu ukipata kiti unashukuru.” Nikamwamini, nani asiyejua treni za Mwaka Mpya?

Mama Mdogo wangu, Suqin, ni mdogo wake mama, tumbo moja. Mimi ni mtoto pekee wa mama yangu, na Mama Mdogo naye ana mtoto mmoja tu, wa kiume, Yichen, ambaye nimempita kidogo tu kwa umri na nimezoea kumwita mdogo wangu. Tulifika pale wakati wa chakula cha mchana, wametuandalia bata wa chumvi na vitu vingine mpaka meza haina pa kuweka kiwiko, na Baba Mdogo alikuwa ameshaanza pombe, ile nyeupe kali, uso umeiva kama nyanya. Akasimama, akamgongea Zongyao kikombe, akasema kwa sauti ya furaha kabisa, “Kunywa, mkwe! Mbona unabakiza? Ukinywa na baba mkwe wako kikombe hakirudi mezani na kitu ndani!”

Mimi, Mama Shen, mjinga wa watu, nikaangua kicheko. Nikamwambia, “Baba Mdogo, pombe imekupanda! Wewe una Yichen peke yake, mkwe wa kiume umemtoa wapi?”

Hakucheka mtu. Baba Mdogo aliketi taratibu. Zongyao alikuwa anatazama sahani yake. Mama Mdogo akaweka vijiti vyake chini, akasema, “Basi. Limeshatoka,” akainuka akaenda jikoni.

Nilimfuata. Nilidhani wamegombana. Nikamuuliza, “Mama Mdogo, Baba Mdogo amelewa kiasi hicho?”

Alikuwa amefungua bomba na hakuna anachoosha. Akasema, “Amelewa, lakini hajakosea.”

“Hajakosea nini?”

“Lanting, mimi ndiye niliyekuzaa.”

Nilisikia maneno lakini hayakuingia. Nilimwambia afunge maji, yanapotea bure. Ndilo jibu nililompa, afunge maji. Akafunga, akaanza kusema haraka haraka kana kwamba kuna mtu atamzuia, akasema, “Wewe unayajua ya miaka ile, sheria ya mtoto mmoja basi, na mama mkwe wangu alikaa pembeni ya kitanda changu hospitalini hata kukushika hakukushika, akasema huyu haandikishwi kwetu, tunangoja wa kiume. Dada yangu alikuwa ameolewa muda mrefu hajapata mtoto. Alikuja na basi kutoka Hefei, akakufunga ndani ya koti lake, akaondoka. Baadaye nikampata Yichen.”

Nikamwambia, “Mkafurahi.”

Akasema, “Wao walifurahi.”

Halafu akanishika mikono, yake imelowa na ya baridi, na hapo ndipo aliponimaliza. Akasema, “Dada ameitwa mama maisha yako yote, sijawahi kumpinga hata siku moja. Mimi nataka siku ya harusi tu. Nikae kwenye kile kiti cha mama mzazi, uniletee chai mbele za watu, niinywe. Halafu nitanyamaza mpaka nife.”

Tukasikia kitu nyuma yetu. Yichen alikuwa mlangoni ameshika sahani ya mifupa, sijui amesimama pale tangu lini. Akasema, “Kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa kwenye nafasi ya dada?” Mama Mdogo akageukia sinki. Akasema tena, taratibu, “Mama, nauliza.” Na mimi sikungoja kusikia, nilimpita, nikachukua koti langu, nikashuka ngazi, ghorofa zote zile kwa miguu, Zongyao ananikimbilia na mabegi anagonga kuta.

Kwenye teksi nikamuuliza, “Ulijua?”

Akaanza kupanga mabegi miguuni. Nikamwambia, “Zongyao, mume wangu, nakuuliza mara ya mwisho.”

Akasema, “Baba yako alinipigia kabla hatujaondoka Xiamen. Alisema Mama Mdogo wako siku hizi ameanza kusema ovyo. Aliniomba nisikulaze Nanjing. Mama yako alikuwa analia pembeni, namsikia. Walisema watakwambia wenyewe baada ya harusi.”

“Na tiketi?”

“Tiketi zilikuwepo.”

Mama Shen, sijui kwa nini, lakini lile la tiketi liliniuma kuliko la jikoni. Ule mwendo wote wa kukimbizana, bibi yake kuachwa na bakuli lake la supu, mama yake kutukimbilia mpaka kwenye lifti, vyote vilikuwa ili mimi nisikae Nanjing muda wa kutosha mtu kufungua mdomo. Kila mtu alijua ila mimi. Mume wangu amenijua kwa miaka michache tu na ananijua kuliko ninavyojijua.

Kwenye treni ya Hefei aliongea njia nzima na mimi natazama dirishani. Tulipofika akateremsha mabegi, akateremsha ule mguu wa nguruwe uliokaushwa aliomnunulia baba, akatangulia, akidhani niko nyuma yake. Sikuinuka. Miguu ilikataa, au mimi nilikataa, sijui. Nilimwona kupitia kioo anageuka, anatafuta, mdomo unasema jina langu, milango ikajifunga, akawa anakimbia sambamba na behewa, mguu wa nguruwe umemning’inia shingoni. Treni ile ilikuwa inakwenda Wuhan. Mkaguzi alipokuja nikamwambia nimepitiliza, akanitazama akanihurumia, akanitoza nauli iliyobaki.

Sasa Mwaka Mpya umepita nikiwa hapa kwa Peiru. Zongyao alikwenda nyumbani kwetu, akala na wazazi wangu, na baba amenitumia ujumbe kwamba mama aliweka bakuli langu mezani na hataki mtu aliondoe. Mama mwenyewe anapiga simu na sipokei, kwa sababu nikipokea nitamwitaje? Mama Mdogo ananiandikia kila asubuhi, na chini anaweka neno “Mama”. Yichen hajaandika kitu. Peiru anasema niombe talaka, ndoa iliyoanza kwa uongo itamalizikia huko huko. Wengine watasema nirudi nipige magoti. Nifanye nini, Mama Shen? Nirudi Hefei kwa nani? Mume kama huyu ni wa kukaa naye? Na mwezi wa tano, mbele ya watu wote wale, ni nani akae kwenye kiti?

Ni mimi, Lanting, Wuhan.

*

Lanting, mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye lile bomba la maji nikavuta kiti. Pole sana. Umepigwa kofi na kila mkono uliokuwa unakulisha, tena siku moja. Mtu akikwambia unakuza mambo, mwambie akakae yeye jikoni pale. Kushtuka ni haki yako na hasira ni haki yako.

Lakini haki haikupi ruhusa ya kila kitu. Umemwacha mume wako anakimbizana na treni akiwa na mguu wa nguruwe shingoni, ukaenda kujifungia kwa watu. Amefanya nini yeye? Amekudanganya, ndiyo, na ule wa tiketi ni uongo wa kitoto, mwambie hivyo nilivyosema. Ila hebu jiweke mahali pake: kijana ndiyo kwanza ameoa, baba mkwe anampigia simu, mama mkwe analia, anaambiwa hii siri ni yetu, tutaisema wenyewe. Ungetaka akutobolee ndani ya treni, kati ya watu wanaokula tambi? Alikosea kukubali mzigo usio wake. Halafu ulipomwacha, hakurudi Xiamen kununa. Alikwenda kukaa na wazazi wako ili wasifunge mwaka peke yao. Rafiki yako Peiru anakupenda, lakini yeye hajaachwa stesheni. Talaka usiitaje tena kwenye sofa lile. Mgombeze mume wako mkiwa wawili, mgombeze vizuri, na umwekee sharti moja: siri yoyote inayokuhusu wewe, ya kwanza kuisikia ni wewe, hata aliyemwambia awe mfalme.

Unauliza mama umwiteje. Lanting, usinitanie. Wewe ni mwalimu wa hilo kuliko mimi, umemwita neno hilo tangu ulipojua kusema. Alikutoa Nanjing ndani ya koti lake, na tangu siku ile anaogopa kwamba kuna mtu atakuja kudai. Usipopokea simu yake anadhani siku yenyewe imefika. Alikosa kukwambia mapema, na hilo mwambie bila kumung’unya. Lakini mwambie uso kwa uso, jikoni kwake, baba na mume wakiwa wametumwa nje kununua chochote. Kata tiketi leo. Treni ikisimama Hefei, simama nayo.

Mama Mdogo wako sasa. Moyo wangu unamlilia. Mitaa yetu ya miaka ile ilijaa wasichana waliolelewa na shangazi na mama wadogo, na nyuma ya kila mmoja yupo mwanamke aliyenyamazishwa kitandani. Hakukutupa, alinyang’anywa, na mnyang’anyi ameshakufa au anazeeka na heshima zake. Lakini kukuomba kiti mikono ikiwa bado imelowa maji ya bomba, hapana. Hiyo ni kumnyang’anya dada yake kama yeye alivyonyang’anywa. Kiti ni cha aliyekulea. Chai ya kwanza ni yake na ya baba yako. Baadaye, ukiwa umepoa, na kama moyo unataka, mpelekee Mama Mdogo kikombe Nanjing nyumbani kwake, wewe na yeye, pasipo watu. Ulale kwake hata usiku mmoja. Na hilo neno analoandika chini ya ujumbe, asikulazimishe mtu kulirudisha. Likija lenyewe siku moja, sawa. Lisipokuja, sawa vilevile. Baba Mdogo naye umwambie akae mbali na chupa siku ya harusi.

La mwisho ndilo lililonifanya nikujibu haraka. Umenijazia kurasa za mume, za mama huyu na mama yule, na Yichen umemfungia kwenye mstari mmoja: hajaandika kitu. Na wewe je, umemwandikia? Yule kijana amesimama mlangoni na sahani ya mifupa, amejua kwamba dada yake alitolewa nyumbani ili yeye apate mahali pa kuzaliwa, ameuliza mara mbili, na nyote mmempita kama nguzo. Wewe una Peiru, una mimi, una mume anayekungoja. Yeye amebaki kwenye nyumba ile ile, na meza ile ile, na baba yule yule.

Mpigie kabla hujavaa viatu. Mwambie hakumfukuza mtu, hata mimba yake ilikuwa haijatungwa. Wazazi wake wakimwambia hatawaamini. Wewe atakuamini.

Mama Shen